Gofu ya diski Oak Grove, Pasadena: uzuri wake, kasoro zake na maswali yasiyokwisha

Maswali haya huulizwa na wageni wa uwanja wa Oak Grove, kaskazini mwa Pasadena, California. Wengine huuliza wakiwa nyumbani, wengine wakiwa tayari wameshika diski mkononi na hawajui waelekee wapi. Jambo moja litajirudia humu: uwanja huu umewekwa ndani ya bustani ya watu wote. Sehemu kubwa ya sifa zake inatokana na hilo, na kasoro zake vilevile.

## Ya mwanzo

Gofu ya diski inachezwaje?

Badala ya fimbo na mpira, unarusha diski ya plastiki. Shabaha ni kikapu cha chuma kilichosimama kwenye mlingoti, na juu yake inaning'inia minyororo ya kuidaka diski ili iangukie ndani. Unaanzia mahali palipowekwa alama, unarusha, unaifuata diski ilikoangukia na unarusha tena kutoka hapo, hadi iingie. Kila mrusho unahesabiwa, na mwenye michache ndiye mshindi. Safari moja, tangu pa kuanzia hadi kikapuni, ndiyo shimo. Mzunguko wa kawaida una mashimo 18.

Uwanja uko wapi hasa?

Uko kando ya barabara ya Oak Grove Drive, karibu na barabara kuu ya 210, pale Pasadena inapopakana na La Cañada Flintridge. Kwenye ramani tafuta Hahamongna Watershed Park. Zamani bustani iliitwa Oak Grove Park, kisha ikapewa jina la Hahamongna, linalotokana na Watongva, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Wachezaji wameng'ang'ania jina la zamani, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tukutane Oak Grove", anamaanisha hapo.

Jirani yake ni maabara ya JPL ya NASA, na ng'ambo ya barabara kuna shule ya sekondari. Siku za kazi, asubuhi na jioni, foleni ya wafanyakazi na wazazi inaweza kukuchosha kabla hujarusha hata mara moja. Njoo katikati ya mchana au baada ya msongamano wa asubuhi kupungua.

Nalipa kiasi gani?

Hulipi kitu. Hakuna tiketi, hakuna kuweka nafasi, hakuna mtu wa kukupangia saa ya kuanza. Viwanja vingine vya Kusini mwa California, kama ule wa Huntington Beach, hutoza kiingilio, ingawa hata huko si pesa za kukuumiza. Ubaya wa bure ni kwamba hakuna aliyeajiriwa kukaa pale akapanga foleni au kukuonyesha shimo la kwanza. Ukipotea, uliza mchezaji mwenzako. Wengi watakuonyesha, na wengine watakukaribisha kundini mwao.

Ni kweli huu ndio uwanja wa kwanza duniani?

Ni wa kwanza wa kudumu, uliowekwa mwaka 1975. Neno "wa kudumu" ndilo lenye uzito hapo, maana watu walikuwa wameshaanza kurusha vitu kulenga shabaha zamani. Mwaka 1926, katika mji mdogo wa Bladworth, Saskatchewan, nchini Kanada, watoto wa shule walirusha vifuniko vya bati kulenga duara walizochora ardhini, wakahesabu mirusho. Miaka ya 1960 watu sehemu mbalimbali za Marekani walikuwa wakilenga miti na nguzo kwa Frisbee, ile diski ya plastiki ya kuchezea. Lakini michezo hiyo ilikuwa ya kujipangia: leo ipo, kesho haipo.

Aliyeuweka Oak Grove ni Ed Headrick, mtu wa kampuni ya Wham-O iliyouza Frisbee. Yeye ndiye aliyeiboresha Frisbee yenyewe, akaiwekea ile mistari ya mviringo unayoipapasa juu ya diski, ambayo huisaidia kutulia hewani. Hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ilitoka mwaka 1967. Hapo Oak Grove alianza na nguzo tupu. Nguzo zikaleta ugomvi: huyu anasema diski yake imegusa, yule anasema haikugusa. Headrick akatengeneza kikapu chenye minyororo, kinachomaliza ubishi kwa sababu diski ama imo ama haimo, na hataza ya kikapu hicho ikatolewa mwaka 1977. Katikati ya hapo, mwaka 1976, alianzisha PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu hadi leo, na uanachama namba 1 ukawa wake.

Alifariki mwaka 2002. Kwa matakwa yake mwenyewe, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki zikatengenezwa diski. Sijui mchezo mwingine ambao mwasisi wake anaweza kukwama mtini.

Bonde lenyewe, Arroyo Seco, lina rekodi nyingine pia. Mnamo tarehe 31 Oktoba 1936 vijana wa chuo kikuu cha Caltech na wenzao walijaribu humo injini ya roketi, na kazi yao ndiyo iliyokuja kuwa JPL.

## Uzuri wake

Ukiacha historia, uwanja wenyewe una nini?

Una miti, na miti hiyo ndiyo inayoucheza mchezo. Ni mialoni ya pwani ya California, isiyopukutisha majani yote kwa mpigo, yenye matawi mazito yanayotambaa chini, mengine usawa wa kichwa. Unaposimama pa kuanzia unakiona kikapu, si mbali hata kidogo, na unajiambia hili la kumaliza haraka. Kisha unaona tawi. Ukirusha juu, diski inapiga majani na kudondoka hapohapo. Ukirusha chini ya tawi, lazima iende bapa, kwa nguvu ya wastani, na isianze kupinda mapema. Ukipita pembeni, unahitaji mkunjo unaozunguka shina na kurudi. Unabaki umesimama pale, mkono ukiwa umeinuliwa, unapima mwanya wenye upana wa mlango.

Ndiyo maana wenye mikono mizito hawatambi hapa. Nguvu inasaidia kidogo tu, jicho na udhibiti vinasaidia zaidi. Nimeona mzee akirusha diski moja ileile mzunguko mzima na kuwaacha vijana wenye mabegi ya diski ishirini wakihesabu alama za ziada.

Kivuli nacho si jambo dogo. Kwenye viwanja vya wazi vya Kusini mwa California, saa sita mchana ya Julai ni adhabu. Chini ya mialoni unaweza kumaliza mzunguko ukiwa bado una hamu ya kuzungumza.

Unamfaa mtu ambaye hajawahi kucheza?

Sana. Mashimo mengi hayafiki mita 100, kwa hiyo anayeanza anaweza kufika kikapuni kwa mirusho mitatu au minne bila kukata tamaa. Kuna vyoo, kuna meza za kukalia, na aliyekusindikiza asiyecheza ana pa kusubiri. Njoo katikati ya wiki. Sababu iko kwenye jibu la kasoro kubwa, hapo chini.

Naweza kuja na watoto?

Ndiyo. Wape diski nyepesi, na wakati wowote mtu anaporusha wakae nyuma yake, kamwe wasitangulie mbele.

Kweli mtu anaweza kuingiza kwa mrusho mmoja?

Inatokea, na ufupi wa mashimo unasaidia. Ikikutokea, ada iliyozoeleka ni kuwapa wenzako diski hiyo waiwekee saini, kisha unaistaafisha. Wabahili huendelea nayo, na sheria haiwakatazi.

## Kasoro zake

Kasoro kubwa kuliko zote ni ipi?

Watu. Simaanishi wachezaji. Jumamosi na Jumapili bustani inajaa familia zenye majiko ya kuchomea nyama, vitoto vinavyokimbia, wapanda farasi, wenye mbwa na watembeaji wanaoelekea bondeni. Wote hao wana haki ya kuwa hapo kuliko wewe, na wengi wao hawajui kwamba wamesimama kwenye njia ya diski. Diski ya gramu 170 yenye ukingo mwembamba ikimpata mtu usoni, mchezo umekwisha na siku imeharibika, pengine na jicho limeharibika.

Mwaka 1975 watu walirusha Frisbee nene, za polepole, zilizokwenda umbali mfupi. Diski za leo zina ukingo mkali na zinakwenda mbali zaidi kwa kasi zaidi. Bustani haikutanuka. Mpangilio uliokuwa salama kwa chombo kile umekuwa wa mashaka kwa chombo hiki, na hilo halitatuliwi kwa kuongeza mabango.

Kanuni ya kufuata ni moja: kama huoni njia yote hadi kikapuni, au kuna mtu ndani ya upeo wa mrusho wako mbaya kabisa (si ule mzuri unaoutarajia), usirushe. Subiri apite. Diski ikishatoka mkononi na ikaelekea kwa mtu, piga kelele "Fore!" kwa sauti yote uliyonayo. Aibu ya kupiga kelele bure ni ndogo.

Si mfupi mno kwa mchezaji mzuri?

Kwa mtu anayerusha mita 120 bila kujikaza, ndiyo, ni mfupi. Hutapata hapa mashimo marefu ya kukunjua mkono wote, na viwanja vinavyotumika kwa mashindano makubwa siku hizi viko mbali sana na huu kwa urefu. Mtu anayekuja kutoka mbali akitegemea uwanja mkali, kwa kuwa tu ni wa kwanza, huondoka amenuna.

Maoni yangu ni kwamba kuurefusha kungekuwa kosa. Kila mita inayoongezwa inasogeza diski karibu na meza za watu. Mchezaji mzuri anayeuona rahisi ajaribu mzunguko mzima kwa diski ya kumalizia peke yake, ile ya polepole. Ghafla matawi yale yanarudi kuwa na maana.

Ardhi ikoje?

Kavu, ngumu, yenye vumbi, na mizizi imejitokeza mahali pengi. Nyasi ni chache chini ya miti. Nyayo za miaka zaidi ya hamsini zimeushindilia udongo, na mwaloni hauvumilii vizuri mizizi yake ikishindiliwa, kwa sababu hewa na maji havipenyi. Hiki si kilio cha wapenda miti tu. Huko Austin, Texas, uwanja uliopendwa sana wa Pease Park ulifungwa baada ya ardhi kuchakaa. Kwa hiyo pita kwenye vijia vilivyopo, usivunje tawi ili kujifungulia mwanya (sheria za mchezo nazo zinakukataza), na uvae viatu vyenye meno, maana majani makavu ya mwaloni juu ya udongo mgumu yanateleza.

Huo mmea unaowasha ni upi?

Unaitwa poison oak. Haufanani na upupu kwa sura, lakini ukishaugusa utaukumbuka upupu kwa heshima. Majani yake hukaa matatu-matatu kwenye kikonyo kimoja, kijani ya kung'aa majira ya kuchipua, mekundu kuelekea kiangazi kinapoisha. Majira ya baridi hupukutika na kubaki vijiti, na vijiti hivyo navyo vinawasha.

Kinachosumbua ni mafuta ya mmea. Huanzi kujikuna palepale: vipele hutokea baada ya saa nyingi, mara nyingi siku moja au mbili, na vinaweza kukaa wiki mbili au zaidi. Mafuta hayo hung'ang'ania kwenye diski, kamba za viatu, begi na manyoya ya mbwa. Ukihisi umepita ndani yake, osha ngozi kwa sabuni na maji mapema iwezekanavyo, kisha osha na diski. Wengi huisahau diski, wakaishika tena wiki inayofuata na kushangaa.

Diski ya dola 15 haina thamani ya kuingia kichakani na kaptula. Iite imepotea, uendelee.

Kuna nyoka?

Wapo nyoka wenye njuga katika vilima vyote vya eneo hili, hasa siku za joto. Angalia unapoweka mkono na mguu, na ukisikia njuga rudi nyuma taratibu. Watakupisha ukiwapisha.

## Ukiwa mchezoni

Nilete diski gani?

Mbili zinatosha: moja ya kumalizia, moja ya masafa ya kati. Diski za masafa marefu, zenye ukingo mpana na mkali, zinahitaji kasi ambayo anayeanza hana, na bila kasi hiyo huanguka kushoto mapema kuliko anavyotaka. Muuzaji atakuambia vingine. Mwache aseme.

Kwa nini diski yangu inapinda kushoto kila mara?

Kama unatumia mkono wa kulia na unarusha kwa kuvuta mkono ukitokea kifuani, diski inazunguka kwa mwelekeo wa akrabu za saa ukiitazama kutoka juu. Inapopungua kasi, hewa husukuma pua yake juu. Lakini kitu kinachozunguka kwa kasi hakiitikii msukumo pale ulipotokea, huuitikia robo mzunguko mbele. Kwa hiyo badala ya pua kuinuka, diski inalala upande wa kushoto na kuelekea huko. Mwenye mkono wa kushoto ataiona ikienda kulia.

Si ugonjwa wa kutibiwa. Elekeza mrusho wako kulia kidogo, uache ipinde yenyewe. Kinachotibika ni kurusha pua ikiwa juu tangu mwanzo, kosa linaloifanya ipande, isimame, kisha iporomoke kushoto.

Diski imekwama mtini. Sasa?

Kwa kawaida hakuna adhabu. Unaweka alama chini, pale ilipo juu yako, na unacheza kutoka hapo. Msimamizi wa mashindano anaweza kutangaza adhabu ya mrusho mmoja kwa diski iliyokwama zaidi ya mita mbili juu, lakini lazima awe ametangaza. Kuhusu kuishusha: usirushe mawe, kuna watu chini. Usirushe diski ya pili pia, maana utakuwa na mbili mtini.

Na ikipotea?

Kwenye mashindano mna dakika tatu za kuitafuta. Zikiisha, unaongeza mrusho mmoja wa adhabu na kurudi uliporushia. Andika jina na namba ya simu nyuma ya diski kabla hujaja. Wachezaji hapa huokota na kupiga simu, na wewe ukiokota yenye namba fanya hivyo.

Ikivuka uzio wa JPL?

Iage. Hiyo ni maabara ya serikali ya shirikisho yenye walinzi, na hakuna maelezo yako kuhusu diski yatakayowafurahisha ukiwa juu ya uzio wao.

Ikiangukia mezani kwa watu wanaokula?

Nenda mwenyewe, upesi, bila kumtuma mtoto. Omba radhi kwanza, diski baadaye. Kisha usirudi kurushia hapo mezani: sogea nyuma, mbali na kikapu, hata kama inakugharimu.

## Hali za pekee

Uwanja hufungwa?

Unaweza kufungwa, na sababu zinatokana na bonde. Chini ya bustani kuna bwawa la Devil's Gate, lililojengwa mwaka 1920 kuzuia mafuriko, na eneo la nyuma yake limekusudiwa kupokea maji na matope. Baada ya moto wa msituni ulioitwa Station, wa 2009, kuunguza milima ya juu, mvua zilizofuata zilishusha matope mengi mno, na kazi ya kuyachota ilileta malori bondeni kwa miaka. Januari 2025 moto wa Eaton uliteketeza sehemu kubwa ya Altadena, mji ulio ng'ambo ya bonde hilohilo. Mlima ukiungua leo, bonde litalipa mvua ikija. Baada ya moto, upepo mkali au mvua kubwa, soma kwanza matangazo ya jiji la Pasadena.

Nimefika nikakuta mashindano. Naweza kujipenyeza katikati?

Hapana. Uliza watamaliza saa ngapi, au ukae uangalie.

Nikirudi nyumbani, ambako hakuna vikapu, nitacheza wapi?

Popote penye miti na nafasi. Headrick alianza na nguzo, na sheria za PDGA bado zinakubali shabaha isiyo kikapu, mradi sehemu inayopaswa kuguswa iwe imewekwa alama. Chagua miembe tisa, funga utepe usawa wa kifua, kubalianeni kabla kwamba kugusa chini ya utepe ndiko kumaliza. Ugomvi wa "imegusa, haijagusa" mtaurithi pia. Na chagueni uwanja usio na njia ya kwenda kisimani au shuleni: jibu la kasoro kubwa linahusu kila mahali.

Nikishauzoea, niende uwanja gani?

Kwa mchezo wa karibu na historia ya miaka ileile, Huntington Beach. Kwa mtihani hasa, panda kaskazini hadi De Laveaga, Santa Cruz: milima, makorongo ya kumeza diski, na shimo la 27, maarufu kama Top of the World, ambapo unarusha kutoka juu kuelekea upande wa bahari. Pale nguvu zako zitapata kazi. Ila poison oak imejaa kandokando ya njia, kwa hiyo lisome tena jibu la mmea unaowasha kabla ya kufunga safari, na ubebe sabuni.